Umeme Ukikatika, Usianze Upya

Jumatatu, 9 Septemba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya somo la hesabu. Nimelinyang'anya. Mtu mwenye hasira kama zangu ni afadhali aandike kuliko aseme, na leo kwenye kikao cha walimu nusura niseme.

Tuna kompyuta kumi na moja. Tulipewa mwezi wa sita na ofisi moja ya Mtwara iliyokuwa ikifungwa, na tangu hapo nimezifuta vumbi, nimebadilisha nyaya, nimewafundisha kidato cha tatu kuchapa majina yao. Zinawaka zote. Tatizo ni kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Kilichomo ni cha zamani mno. Ukifungua ukurasa wowote unaambiwa toleo lako limepitwa na wakati, halafu skrini inabaki nyeupe. Matoleo mapya hayazikubali mashine zenye umri huu.

Leo Alfredi, mtunza ghala wetu, amesimama kikaoni na kukiomba chumba cha kompyuta. Amesema paa la ghala linavuja, mwaka jana magunia sita ya korosho za shule yalilowa na kuoza, na mwaka huu mikorosho yetu imebeba vizuri kuliko mwaka jana. Amesema chumba kikavu hapa Kitangari hakipaswi kuhifadhi vyuma visivyofanya kazi. Alisema "vyuma" huku akinitazama.

Mkuu wetu, Mwalimu Ethel, hana haraka ya kuamua jambo, lakini akiamua ameamua. Amenipa hadi siku ya kufunga shule, tarehe sita Desemba. Kompyuta zikifungua kurasa, chumba ni changu. Zisipofungua, zitauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu na Alfredi atapanga magunia yake.

Nilimwamkia Alfredi mlangoni kwa kuwa ni mkubwa kwangu. "Shikamoo, Baba Furaha." Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kama mtu ambaye hajanifanyia lolote. Hilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepata. Kinaitwa Korongo. Ni kivinjari chepesi cha programu huria: maandishi yake yote yapo wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyarudisha kwa wenzake. Wanaokitengeneza wametapakaa duniani na wengi hawajawahi kuonana.

Kuna kasoro moja. Kwa mashine za zamani kama zetu hawakitoi kikiwa tayari. Mwongozo wao unasema ukijenge mwenyewe, yaani uchukue yale maandishi na kuiamuru kompyuta iyageuze kuwa programu inayofanya kazi. Mwongozo una kurasa arobaini za Kiingereza na unaahidi kazi itachukua "kama saa moja hivi".

Nimeusoma wote kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye tangi la maji ya mvua, ndipo mtandao unaposhika. Nimejisikia kama siku nilipopasi kidato cha sita.

Jumamosi, 14 Septemba

Masasi, kwenda na kurudi. Maandishi ya Korongo ni mazito, kwa bando langu ningemaliza mshahara. Husseni mwenye duka la kuchapa ana mtandao wa waya, akaniachia nipakue. Ulikatika mara mbili, na kila ukikatika upakuaji unaanza mwanzo. Mara ya tatu nikagundua kwamba kuna amri ya kuchukua toleo la sasa tu bila historia yake yote. Mwongozo umeificha ukurasa wa thelathini na mbili. Nimerudi na flashi shingoni.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeanza kujenga asubuhi kwenye kompyuta iliyo na nguvu kuliko zote. Saa moja imepita, mbili, tano. Nimefundisha vipindi vinne, nikarudi, bado. Wale waliosema saa moja wana kompyuta za aina gani, sijui.

Jumatano, 18 Septemba

Umeme ulikatika ikiwa imefika saa kumi na nne za kazi. Nimeanza upya.

Ijumaa, 20 Septemba

Umeme umekatika. Nimeanza upya.

Jumatatu, 23 Septemba

Umeme. Upya. Wanafunzi wameanza kuokota korosho za shule asubuhi kabla ya vipindi. Alfredi ameanika za kwanza nje ya dirisha langu, makusudi nadhani.

Jumanne, 24 Septemba

Umekatika tena leo nikiwa nimesimama mbele ya skrini. Nilipiga meza. Alfredi alikuwa nje anageuza korosho juani, akachungulia dirishani na kuuliza kulikoni. Nikamweleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu asiyetaka maswali: umeme ukikatika naanza tangu mwanzo.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikasema ndivyo ilivyo.

"Mwalimu, sisi mvua ikitukuta tunaanua, haturudi kuanza na mkorosho wa kwanza. Zilizokwisha kuokotwa zimekwisha kuokotwa."

Nilitaka kumjibu kwamba kompyuta si mkorosho. Badala yake nikafungua mwongozo kwa hasira ili nimwonyeshe. Unasema: kabla ya kujenga, safisha. Kwa hiyo mimi kila nilipoanza nilikuwa natoa amri ya kusafisha kwanza, mtoto mtiifu, na amri hiyo ndiyo iliyokuwa ikifuta kazi yote ya jana. Hakuna mahali walipoandika kwamba kusafisha ni kwa mara ya kwanza tu. Waliouandika hawajawahi kukatikiwa umeme.

Nimefuta faili moja tu, lile lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika na likabaki nusu. Kisha nikatoa amri ya kujenga bila kusafisha. Imeendelea pale ilipoishia.

Sikumwambia Alfredi. Nina aibu, na pia nina kiburi.

Alhamisi, 26 Septemba

Imefika mwisho ikaanguka. Kumbukumbu haikutosha, kwa sababu Korongo huigawa kazi vipande vinane, wenyewe wanaviita wafanyakazi, vyote kwa wakati mmoja, na mashine yetu ina nafasi ya mmoja. Nimeiamuru itumie mmoja. Polepole, lakini haianguki.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kimejengeka. Saa kumi na tisa jumla, kwa vipande. Nimekifungua, dirisha la kijivu likatokea na jina lake juu, nikapiga kigelegele peke yangu hadi kidato cha pili wakaja kuchungulia.

Ukurasa wa kwanza ulifunguka. Wa pili ukakiua.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku sita nimesoma maandishi ya watu nisiowajua. Ni kama kusahihisha mtihani wa mwanafunzi mwenye akili sana na mwandiko mbaya. Leo nimekiona kinachokiua. Kuna mstari ambapo Korongo hudhani kila kompyuta ina kumbukumbu ya giga nane. Hakiulizi, hudhani tu, kisha hujitwalia nafasi isiyokuwepo na kufa. Nimeandika mistari miwili ya kukilazimisha kiulize kwanza. Nimekijenga tena. Nimefungua kurasa ishirini mfululizo. Nikakinakili kwenye mashine nyingine kumi, na zote zimefungua.

Nimekimbia ofisini kwa Mkuu, nikasahau hata kubisha hodi. Amekuja, amekaa, amefungua ukurasa wa habari na mmoja wa mapishi, akatabasamu. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Akauliza hicho kivinjari kitakaa hivyo hadi lini.

Nikamwambia ukweli. Korongo hutoa toleo jipya kila baada ya wiki sita, na kila toleo jipya litakuja bila mistari yangu, hivyo nitakuwa nakijenga na kukirekebisha tena kila mara.

"Na ukihamishwa Januari?" akauliza. "Serikali ikikuandikia barua uende Nanyumbu, nani atakaa hapa saa kumi na tisa? Mimi?"

Amesema chumba kinachomtegemea mwalimu mmoja si chumba cha shule. Sharti lake jipya, tarehe ileile: mistari yangu ikubaliwe na wenye Korongo iwe ndani ya matoleo yote, na pawe na mtu mwingine hapa shuleni awezaye kukijenga bila mimi.

Nilitoka nimenuna. Usingizi umekataa, nami nimekubali kwamba ana haki.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetuma. Mistari yangu miwili, na pamoja nayo ukurasa mpya wa mwongozo, kwa Kiswahili, unaoitwa "Kujenga Korongo penye umeme wa kukatika na mashine dhaifu". Nimeweka yote niliyoyapata: ile amri ya kupakua kidogo, mfanyakazi mmoja badala ya wanane, na kwa herufi nzito, "Umeme ukikatika, usianze upya." Katika mwongozo wao hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa Kiswahili.

Atakayeikagua kazi yangu anaitwa Tomasz, yuko Poland. Picha yake ina ndevu nyeupe hadi kifuani. Nimeanza ujumbe wangu kwa Shikamoo, kisha Kiingereza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mzee Tomasz amejibu. Maoni kumi na manne.

Kumi na manne kwa mistari miwili na ukurasa mmoja. Jina hili badilisha. Hapa umerudia. Kipimo hiki umekitoa wapi? Hii amri ingekuwa hatari kwa mtu asiyejua. Kwa nini hukuandika jaribio? Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna ahsante.

Mimi ndiye hutoa wino mwekundu, sijazoea kuupokea. Nimefunga simu. Kwetu mkubwa akikukosoa unainamisha uso na kunyamaza. Humjibu hoja kwa hoja kama mnaogombana. Unakwenda kujirekebisha, unakaa na adabu yako hadi yeye mwenyewe akuite. Mama yangu alinilea hivyo kwa maneno na kwa fimbo.

Nimerekebisha yote kumi na manne kwenye kompyuta yangu. Nasubiri aniite.

Jumanne, 22 Oktoba

Hajaniita.

Jumanne, 29 Oktoba

Kimya. Korosho za shule zimefika magunia kumi na tisa. Alfredi huchukua kiganja kutoka kila gunia, huzitikisa karibu na sikio, isiyolia hurudi juani. Leo amerudisha gunia zima la kidato cha kwanza, wakakaa chini kulichambua huku wakilia. Mtu huyu hana huruma.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia Mkuu wazee wa Korongo bado wanafikiri. Alfredi amekuja kupima chumba kwa hatua. Hatua saba kwa tano.

Jumatatu, 11 Novemba

Kimya. Nina adabu hadi naumwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimepokea jumbe mbili, na niandike kwa mpangilio.

Wa kwanza umetumwa na mashine: kazi yako haijapata jibu lolote kutoka kwako kwa karibu siku thelathini, baada ya siku tatu itafungwa yenyewe. Haijapata jibu kutoka kwangu. Niliusoma mara nne.

Wa pili umeandikwa na Mzee Tomasz, dakika chache baadaye. Naunakili kwa Kiswahili. "Anifa, bado upo? Nimekuwa nikisubiri jibu lako mwezi mzima. Kazi yako ni nzuri, ndiyo maana nilikaa siku nzima kuandika maoni yale. Kama nilikukera, niambie. Na kama hukubaliani nami mahali popote, niambie pia, maana maoni mawili au matatu inawezekana nimekosea mimi."

Mwezi mzima sote wawili tumekaa kimya tukingojana, mimi kwa adabu, yeye kwa kudhani nimekata tamaa. Nimecheka, kisha nimelia kidogo, kisha nikatoka nje nipate hewa.

Alfredi alikuwa anashona mdomo wa gunia. Safari hii nilimweleza kila kitu, hata la "kusafisha" nililomficha Septemba. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso. Kisha akasema gunia akilirudisha huwa hajalikataa. Angekuwa amelikataa angelimwaga. Akilirudisha anamsubiri mwenyewe aje, na ambaye haji ndiye anayemsikitisha, maana huenda zilikuwa korosho nzuri zenye mawe matatu tu.

"Kwa hiyo wewe, Baba Furaha, wale watoto wa kidato cha kwanza ulikuwa unawasubiri?"

"Walirudi siku ileile," akasema. "Daraja la kwanza."

Ijumaa, 15 Novemba

Nimejibu maoni yote kumi na manne, moja baada ya jingine. Kumi na moja nimesema nimerekebisha. Matatu nimekataa, nikatoa sababu. Kidole kiligoma kwenye kitufe cha kutuma, nikakilazimisha.

Nimeongeza pia aya kwenye ukurasa wangu wa mwongozo, maana najua si mimi peke yangu niliyelelewa hivi: "Ukirudishiwa kazi yako na maoni, jibu. Hata kama mkaguzi ni mkubwa kwako. Kujibu si kujibizana. Ukinyamaza atadhani umeondoka."

Jumapili, 17 Novemba

Mzee Tomasz amekubali yote matatu niliyoyakataa. Kuhusu ile aya, amesema miaka kumi na miwili wameona watu wakitoweka baada ya maoni ya kwanza, kutoka nchi nyingi, na hawakuwahi kujua sababu. Ameomba ruhusa aitafsiri iwekwe kwenye mwongozo mkuu wa Kiingereza, ukurasa wa mbele.

Nimempigia Mama kumwambia. Ameuliza kama kuna pesa. Nikasema hakuna. Akasema sawa, alimradi wamekuheshimu.

Jumatano, 20 Novemba

Limebaki jambo moja. Kanuni ya Korongo ni kwamba ukurasa wa mwongozo haukubaliwi mpaka ufuatwe hatua kwa hatua na mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo, na mwandishi asitie neno. Nikaenda kwa Mkuu nikiwa na jina tayari: Hamida wa kidato cha tatu, mwepesi kama umeme ukiwepo.

Mkuu akakataa. Hamida nimemfundisha mimi, ataelewa hata nilichosahau kuandika. Akamwita Alfredi.

Nikabaki mdomo wazi. Anayekitaka chumba ndiye awe mwamuzi? Akifuata ukurasa kivinjari kikajengeka, chumba changu. Akishindwa, chumba chake. Anachohitaji ni kukaa pale, kukuna kichwa na kusema haelewi, na hakuna wa kumbishia, kwani ni kweli hajawahi kugusa kibodi maishani. Nilimwambia Mkuu hivyo, kwa lugha ya kistaarabu. Mkuu akaniuliza kama nimewahi kusikia mzani wa Alfredi ukilalamikiwa.

Sijawahi. Lakini mzani ni mzani, na chumba kikavu Desemba ni kitu kingine.

Jumamosi, 23 Novemba

Jaribio la kwanza. Ukurasa umechapwa, uko mezani. Mimi nimekaa nyuma, marufuku kusema. Mkuu ameongeza sheria: nikifungua mdomo, Alfredi anaanza mwanzo.

Amevaa miwani. Amesoma ukurasa wote, akaupanga vizuri, akakaa. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Anaitazama kompyuta, kompyuta imezimwa. Nilikuwa nauma kanga. Kwa nini hafanyi kitu? Nikajiambia ndio hivyo, ameanza mchezo wake.

Mwishowe akageuka kwa Mkuu na kusema, "Hapa pameandikwa fungua terminali. Hapajaandikwa niiwashe. Kitu cha shule sikiwashi bila kuandikiwa."

Ni kweli. Sikuandika. Nilikuwa nimeandikia watu ambao kompyuta yao imeshawaka.

Ikaendelea hivyo. Sikuandika terminali ni nini, yaani lile dirisha la kuandikia amri, wala iko wapi. Sikuandika kwamba baada ya amri unabonyeza kitufe cha kuingiza, hivyo aliandika amri ya kwanza, akakunja mikono na kusubiri kompyuta itii. Sikuandika kwamba nafasi kati ya maneno ni sehemu ya amri. Kila alipokwama alitoa kalamu ya ghala akaweka alama pembeni ya ukurasa, ileile anayoweka kwenye gunia lenye mawe. Alama kumi na moja. Kila moja ilikuwa mahali ambapo kosa ni langu.

Nilimwangalia akipiga herufi moja moja kwa kidole cha shahada, akirudi kulinganisha na karatasi kila herufi, na ikanijia kwamba mtu anayetaka kushindwa hawezi kujitaabisha hivi. Nimemdhania vibaya tangu Septemba. Naandika hapa kwa wino ili nisijisahaulishe.

Hakufika mwisho leo. Mkuu ametoa jaribio moja la mwisho, tarehe nne Desemba. Ninaandika upya ukurasa wote.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua za kwanza. Ghala limevuja. Magunia mawili yamelowa chini, Alfredi ameyaanua, ameyaanika, yamelowa tena. Ana magunia thelathini na manne na mnada bado wiki mbili. Hakusema lolote kuhusu chumba. Angesema ningeona nafuu.

Jumatano, 4 Desemba

Saa mbili asubuhi Alfredi amekaa. Ukurasa mpya una hatua ishirini na sita, ya kwanza inasema: "Washa kompyuta. Unaruhusiwa." Amecheka alipoisoma. Saa tatu kasoro ujenzi umeanza, mistari inapanda kwenye skrini, yeye amekunja mikono anaitazama kama anavyotazama mzani ukitulia.

Saa tisa mchana mvua ikanyesha kwa nguvu, na bati la ghala likafunguka upande mmoja. Tulisikia mlio wake hadi humo chumbani. Alfredi akasimama, akatazama nje, akatazama skrini, akakaa tena. Magunia thelathini na manne, kazi ya shule nzima kwa miezi mitatu, na yeye amekaa kulinda mashine ya mtu aliyemnyima chumba, kwa sababu alisema atakaa.

Marufuku yangu ilihusu kivinjari. Korosho haikuzitaja. Nikasimama, nikaenda darasa la kidato cha tatu, nikawatoa wote, kisha cha pili, tukaingia kwenye ile mvua. Gunia kwa watoto wanne, tukayabeba kuyaingiza kwenye chumba pekee kikavu. Tuliyapanga juu ya viti na meza, pembeni ya kompyuta, hadi dirishani. Alfredi aliyahesabu yakiingia bila kunyanyuka. Alipofika thelathini na nne akavua miwani akaifuta.

"Mwalimu," akasema, "hatua saba kwa tano. Nilijua yataenea."

Saa mbili usiku, kazi ikiwa ya saa kumi na moja, umeme umekatika. Tumefunga mlango, kila mtu kwake. Sijui kama ataikumbuka hatua ya ishirini na moja.

Alhamisi, 5 Desemba

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Alfredi akaja na karatasi yake kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Mkuu amesimama, walimu wengine wamekaa juu ya magunia. Mimi nyuma, kanga mdomoni.

Akawasha. Akafungua terminali. Kidole kikaenda kwenye karatasi, kikashuka, kikasimama. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma mbele ya kanisa: "Umeme ukikatika, usianze upya. Futa faili la mwisho lililobaki nusu. Toa amri ya kujenga. Usisafishe." Akanitazama mara moja tu kwa pembe ya jicho, maana maneno hayo yalikuwa yake kabla hayajawa yangu. Akafuta. Akatoa amri. Mistari ikaanza kupanda kutoka pale ilipoishia.

Saa kumi na mbili jioni Korongo kilifunguka mbele ya Alfredi, bila mimi kutia neno lolote katika kazi yake tangu jana asubuhi. Dirisha lile la kijivu. Akamuuliza Mkuu kama sasa ninaruhusiwa kusema. Mkuu akasema ninaruhusiwa. Nikapiga kigelegele, na safari hii hakikuwa cha peke yangu.

Kitu cha kwanza alichofungua ni bei ya korosho kwenye mnada wa Tandahimba. Ukurasa umefunguka. Na wa pili umefunguka.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Saa sita mchana mistari yangu miwili imeingia ndani ya Korongo, na ukurasa wetu umeingia kwenye mwongozo wake. Kuanzia toleo lijalo, kila mashine dhaifu duniani kitaiuliza kwanza ina kumbukumbu kiasi gani. Mzee Tomasz ameandika neno moja tu la Kiswahili, sijui kalitoa wapi: Marahaba.

Chini ya ukurasa kuna orodha ya waliochangia. Niliandika majina mawili. Nimeichapa, Alfredi ameitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini jina lake liko juu ya langu. Nikamwambia wamepanga kwa alfabeti. Hiyo si kweli tupu, kwani majina nimeyapanga mimi, na lake ningeliweka juu hata bila alfabeti. Mkuu amesema chumba kinabaki na kompyuta, na korosho zitakaa nazo hadi mnada. Bati la ghala wazazi watalipigilia likizo hii.

Jumatatu, 16 Desemba

Barua ya uhamisho. Si Nanyumbu. Nanganga, kuanzia tarehe sita Januari. Nimekaa nayo mkononi juu ya tangi la maji hadi jua likageuka. Miezi mitatu iliyopita ningesema kila kitu kimekwisha. Leo nimefunga sanduku la vitabu nikiimba.

Jumatano, 22 Januari. Nanganga

Shule mpya ina kompyuta nne, moja haiwaki. Nimeulizwa kama najua lolote kuhusu kompyuta, nikasema kidogo.

Toleo jipya la Korongo limetoka Jumatatu. Sikumwambia mtu yeyote Kitangari, nilitaka kuona. Leo mchana, nikiwa katikati ya kipindi cha sehemu na desimali, simu imetetemeka mfukoni. Nimeisoma mbele ya darasa zima, nikaomba radhi, nikaisoma tena:

"Mwalimu. Toleo jipya tumelijenga jana na leo, mimi na watoto wa kidato cha tatu. Umeme ulikatika mara mbili. Tumeendelea tulipoishia. Kuna mahali pameandikwa vibaya katika hatua ya tisa, nimewatumia marekebisho. Tomasz amenirudishia maoni manne. Nimemjibu. Baba Furaha."